Nguo Isiyo na Pindo: Juu ya Uchoraji wa Michael Armitage

Mtu wa pwani akipewa nguo mkononi, kabla ya kuiuliza bei huitafuta pindo. Kanga tumeizoea hivyo: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini yake, ili hata asiyejua kusoma ajue wapi nguo inaanza na wapi inakoma. Kipande nilicho nacho mezani ninapoandika makala haya hakina pindo, hakina mji, na jina hakina. Nilikinunua Kampala kwa mama mmoja muuza vikapu, na ukubwa wake hauzidi msala wa mtoto. Rangi yake ni ya udongo uliokolea. Ukikipapasa wadhani ni ngozi iliyolainishwa. Ukikiinua mbele ya dirisha, mwanga hupenya hapa na pale, nawe hujua kwamba ni mti. Hakikufumwa, kwa hivyo hakina mtande wala mshindio. Kina matundu mawili, na mahali palipopasuka pameshonwa kwa uzi mnene, bila jitihada ya kuuficha.

Waganda huiita nguo hii lubugo. Hutolewa katika gome la ndani la mti uitwao mutuba, ulio jamaa ya mikuyu. Gome huvuliwa wakati wa mvua, kisha fundi hulipiga kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, pigo juu ya pigo, mpaka lilainike na kutanuka mara kadhaa ya upana wake wa awali. Mti wenyewe haufi: shina hufungwa majani ya mgomba, likaota gome jingine. Kazi hii ni ya mafundi wa ukoo wa Ngonge tangu karne nyingi, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu usioshikika. Nguo hiyo huvaliwa wakati wa kutawazwa kwa wafalme na katika shughuli za tiba. Na wafu huzikwa ndani yake. Msomaji ashike hilo la mwisho, kwa kuwa nitalirejea: kwa waliyoibuni, nguo hii ni sanda pia.

Juu ya nguo hii, tangu takriban mwaka 2010, Michael Armitage amekuwa akipaka rangi za mafuta. Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, baba Mwingereza na mama Mkikuyu. Akasoma London, kwanza Slade hadi 2007, kisha katika shule za Royal Academy hadi 2010. Lubugo aliikuta Nairobi, katika soko la vitu vya watalii, imekatwakatwa kuwa vipande vya kuuzwa kama kumbukumbu ya safari. Nguo ya kumzikia mtu imegeuzwa kitu cha kuwekea bilauri! Nadhani mwanzo wa kazi yake yote uko hapo, katika fedheha hiyo ndogo ya sokoni, na si katika madarasa ya London.

Utaratibu wake waelezeka kwa maneno machache, ingawa kuutenda ni kazi ya miezi. Huchora kwanza kwa wino na kalamu, akikusanya aliyoyaona kwa macho yake, aliyoyaona katika televisheni na katika kanda za simu, na aliyoyaokota katika michoro ya mabwana wa zamani wa Ulaya. Kisha lubugo, vipande vilivyounganishwa kwa mshono, huwambwa kwenye fremu. Nyingi katika picha hizi zinazidi kimo cha mtu. Rangi hupakwa tabaka juu ya tabaka. Hukwanguliwa, husahihishwa, hupakwa upya. Maumbo ya watu hutokeza katika majani na maji, mengine yakabaki nusu, kama mtu uliyemwona kupitia pazia. Na yale matundu na ile mishono haizibwi. Huachwa ionekane, na picha hulazimika kuishi nayo.

Hapa ndipo sisi watu wa mashairi tunapokuwa na la kusema, pengine kuliko wahakiki waliozoea turubai. Anayetunga shairi la mizani kumi na sita hachagui kila neno kwa hiari yake. Kina cha kati kimekaa pale kikimngoja, na kina cha mwisho vilevile, naye huenda amekuja na wazo lililonyooka likapinda kwa ajili ya silabi moja. Mtunzi mchanga huiona hiyo kuwa jela. Mtunzi mzima anajua kwamba mara nyingi kina ndicho kilichompa wazo ambalo peke yake asingelifikia. Tundu la lubugo, kwa maoni yangu, ni kina cha namna hiyo. Halikuwekwa na mchoraji. Lilikuwako kabla yake, mahali ambapo pengine palikuwa na tawi. Huwezi kupaka uso juu ya tundu. Basi uso husogea, mkono hurefuka, mti huinama upande ambao haukutarajiwa. Nimejaribu mwenyewe, si kwa kujigamba, kuandika beti mbili kwa wino kwenye kipande changu: wino ulitambaa, herufi zikanenepa, na nilipofika penye mshono kalamu iliruka na neno likakatika pasipo silabi. Nikalazimika kubadili neno. Lile jipya lilikuwa bora.

Lakini nguo si kila kitu, na ninawaogopa wahakiki wanaomaliza sifa zao kwenye lubugo kana kwamba mti ndio uliochora. Tuitazame picha moja iliyomtambulisha kwa wengi. Mwezi Novemba 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu Nairobi, kwa kisingizio kwamba hakuvaa kwa heshima. Kanda ya tendo hilo ilisambaa, na wanawake wakaandamana wakisema nguo ni yao na hiari ni yao. Mwaka 2015 Armitage alichora picha aliyoipa jina la kilio hicho, #mydressmychoice. Mwanamke amelala uchi, mgongo kwetu. Kando yake wamesimama wanaume, na tunachokiona zaidi ni miguu yao. Mlalo wa mwanamke huyo umechukuliwa waziwazi kwa Velázquez, katika ile picha ya Venus na kioo iliyoko National Gallery ya London.

Wengi wametaja ufanano huo na kuishia hapo. Mimi nilipousoma nilikumbuka jambo jingine. Picha ya Velázquez imewahi kukatwakatwa. Tarehe 10 Machi 1914 Mary Richardson, mmoja wa wanawake wa Uingereza waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, aliingia na shoka dogo la nyama akaichana mgongoni, kwa kupinga kukamatwa kwa kiongozi wao Emmeline Pankhurst. Mafundi waliitengeneza hata leo mtazamaji wa kawaida haoni kovu. Huo ndio ustadi wa Ulaya katika kutunza uzuri: jeraha lifichwe. Armitage ameuchukua mwili uleule na kuulaza juu ya nguo yenye majeraha tangu ilipobanduliwa mtini, nguo ambayo kovu lake halifichiki, nguo ambayo kwa asili yake humvika aliyedhalilishwa na kifo. Aliyevuliwa nguo Nairobi amelazwa juu ya nguo. Sijui njia iliyo fupi kuliko hiyo ya kumsitiri mtu.

Mimi ni mfasiri. Sikupita chuo chochote. Nilijifunza kazi kwa kamusi mbili na ukaidi. Kila mfasiri anajua hila ya kufasiri shairi la kigeni likasomeka kana kwamba lilizaliwa hapa, mshono usionekane, na wasomaji wakusifu. Kwa miaka mingi niliitafuta sifa hiyo. Siku hizi nina mashaka nayo, kwa sababu mshono uliofichwa humdanganya msomaji juu ya safari iliyofanywa. Katika picha kama #mydressmychoice naona tafsiri ya namna nyingine: Mhispania wa karne ya kumi na saba amehamishiwa kwenye kituo cha matatu, na fundi ameacha uzi ukionekana.

Si kila mara anafaulu hivyo, na hapa sitamsifu kwa adabu tu. Zipo picha zake juu ya pwani yetu ambazo zimenikera, nami nimezirudia mara nyingi ili nione kama kosa ni langu. Nyali Beach Boys ya mwaka 2016 imewapanga vijana wa ufukweni katika mikao ya wale wanawake watano wa Picasso wa mwaka 1907. Hoja yake ni nzuri ukiisikia: Picasso alikopa vinyago vya Kiafrika, sasa Mwafrika anakwenda kudai deni, na mwili unaouzwa kwa mgeni ni uleule, awe mwanamke wa Ulaya au kijana wa Nyali. Hata hivyo nikiitazama naona hoja kwanza, vijana baadaye. Mpango wa picha umekwisha kukatwa Paris, nao wamevalishwa. Nguo yenye matundu haikupewa nafasi ya kuamua lolote. Mangroves Dip ya mwaka 2015, juu ya mama wa Kizungu na kijana katika maji ya mikoko, ina siri zaidi na kwa hivyo ina ukweli zaidi. Lakini zikiwekwa pamoja, pwani inayojengeka machoni pa mtazamaji wa mbali ni ile ambayo tumechoka kuambiwa kuwa ni yetu: mahali pa starehe za wageni. Tangu vitabu vya kwanza vya wasafiri mpaka mabango ya mahoteli tumesawiriwa hivyo. Mchoraji analijua hilo. Hata rangi zake za zambarau na kijani, zinazowakumbusha watu Gauguin na visiwa vyake, amezichagua kwa makusudi ili mtazamaji avutiwe kwanza kisha ajione aibu ya kuvutiwa. Ni mtego mzuri. Ila aliyechorwa ndani ya mtego hana faida ya kujua kwamba ni mtego.

Tofauti kabisa ni Baikoko at the Mouth of the Mwachema River, ya mwaka huohuo 2016. Baikoko tunaijua: ngoma ya Tanga, ya viuno, inayosemwa kuwa ilitoka ndani katika mambo ya wanawake ikafika hadharani, na tangu ilipofika hadharani wazee hawakunyamaza. Mwachema nao tunaujua. Ni mto mdogo unaoingia baharini Diani, na mdomoni pake umesimama Msikiti wa Kongo, mmoja wa misikiti mikongwe ya pwani hii, chini ya mibuyu. Jina la picha haliutaji msikiti. Msomaji wa Nairobi au London hupita bila kujua kilichoachwa. Msomaji wa pwani hawezi kulitamka jina la mto huo asiuone ukuta ule mweupe, na mara ngoma na sala zimekuwa jirani mbele yake, kama zilivyo jirani kweli katika maisha yetu, bila mmoja kuamrishwa amshinde mwenziwe. Hilo ni fumbo kwa maana tuliyoizoea. Sidai kwamba mchoraji alilikusudia, lakini aliyechagua kutaja mto badala ya kusema "ufukweni" ameacha mlango wazi, na wenyeji watauingia.

Majina ya picha zake yanastahili neno zaidi. Kuna picha ya mwaka 2014 iitwayo Hornbill (21st – 24th September 2013). Ndege huyo ni hondohondo, na siku hizo nne ni siku za shambulio la Westgate, Nairobi. Nyingine ni Curfew (Likoni March 27 2020), ya mwaka 2022. Wahakiki wa nje huona katika tarehe hizi mtindo wa gazeti. Kwetu sisi tarehe ndani ya utungo ni kongwe kuliko gazeti. Watunzi wa tenzi walizoea kufunga kazi zao kwa kutaja mwaka na mwezi, na wengine jina na mji, ili atakayenakili asije akapotosha nani alisema na lini. Tarehe katika utenzi si pambo. Ni mtunzi anapoacha kuimba na kula kiapo kwamba alikuwako, au aliyapokea kwa waliokuwako.

Tena tusisahau kwamba mji huu wa Mombasa ulimlea Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo mwaka 1840, ambaye alilitoa shairi katika kumbi za dini akalipeleka sokoni, akatunga juu ya fitina za utawala, njaa, madeni na kejeli za majirani. Mashairi yake yalihifadhiwa vinywani muda mrefu kabla ya kuandikwa. Kuchora yaliyotokea juzi, kwa ustadi uleule wanaotunukiwa wafalme na mitume, si jambo ambalo pwani inapaswa kufundishwa kutoka nje. Armitage alipokwenda mwaka 2017 kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru pamoja na wapiga picha wa televisheni, akatoka huko na watu waliopanda mti ili waone, nilimwona Muyaka akipita sokoni. Picha hiyo, The Fourth Estate, ina deni kwa Goya, aliyechora watu waliokaa juu ya tawi. Lakini deni hilo limelipwa: mti ule ni wa Nairobi, na waliokaa juu yake wana uzito.

Nirudi Likoni. Tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona. Amri ilianza saa moja jioni. Maelfu ya watu waliofanya kazi kisiwani walikuwa wakingoja kivuko warudi majumbani kwao ng'ambo, na kabla hata ya saa hiyo kufika polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, wakawalaza chini. Haya yalipigwa picha na kuonekana duniani kote. Miaka miwili baadaye yakawa mchoro juu ya lubugo, na mchoro huo sasa ni mali ya Museum of Modern Art, New York.

Sijauona kwa macho. Niseme wazi kwamba karibu yote niliyoyaandika hapa nimeyaandika kutoka vitabuni, na picha kitabuni ni kama utenzi usiotiwa sauti: maneno yote yapo na kitu kimekosekana. Karatasi hulainisha kila tundu. Ni haki pia kusema kwamba mchoraji hakuridhika na hali hiyo ya picha zetu kukaa mbali. Alipofanya maonyesho yake makubwa Munich, kuanzia 2020, yalikuwapo pia maonyesho ya wachoraji kumi wa Afrika Mashariki chini ya jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho, wakiwamo Elimo Njau, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu na Meek Gichugu, wazee ambao yeye huwataja kuwa walimu wake bila kuona haya. Na mwaka huohuo 2020 alianzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, ambako baadaye kazi za Sane Wadu zilitundikwa mahali ambapo Mkenya aweza kufika kwa basi. Hayo ni makubwa. Kutoka Likoni, hata hivyo, Nairobi nayo ni safari.

Nina rafiki, fundi cherehani, mwenye duka huku kisiwani na nyumba ng'ambo. Jioni ile alikuwa katika foleni ya kivuko. Nilimpelekea kitabu, nikamfunulia ukurasa, nikakaa kimya.

Alitazama muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwako na sikuona kitu. Macho yalijaa moshi. Huyu amenionyesha."

Nikamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

"Nimekwambia sikuona." Akageuza kurasa. Akauliza picha yenyewe iko wapi, nikamwambia. Akacheka. "Sisi twavuka bure, na wa kututazama hulipa."

Kisha akafika kwenye ukurasa wenye picha iliyopigwa kwa karibu, nguo ikionekana kuliko rangi, na hapo ndipo alipovaa miwani. Hakusema tena juu ya polisi. Alisema mshono ule haukufanywa na mtu aliyetaka upendeze. Ni mshono wa kuzuia pasiendelee kuchanika, na uzi wake umeachiwa nafasi kwa sababu nguo yenyewe haina nyuzi za kushikana nao, ukikaza utakata. Akapitisha kidole juu yake, mara moja, mara ya pili. Akanitazama kama aliyedhulumiwa.

"Ni karatasi, Mwalimu."

Nikainuka kwenda nyumbani kumletea kile kipande cha Kampala.